Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: Mkunguni paandikwe

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano,

Salaam. Ni matumaini yangu kuwa u mzima na unaendelea vema na majukumu ya Taifa. Mimi ni mstaafu wa Posta. Kwa miaka 26 kazi yangu ilikuwa kuchambua barua, kwa hiyo hili ninalokuandikia nimelishika kwa mikono yangu kila siku ya kazi. Ni suala la anwani.

Nitangulize ombi, maelezo yafuate. Naomba jina ambalo wakazi wenyewe wanapaita mahali pao lisajiliwe pamoja na jina rasmi la njia kwenye mfumo wa anwani za makazi, ili mtu akilitafuta kwenye simu alipate na likamfikisha anakokwenda.

Masika ya mwaka 2023 mkwe wangu alishikwa na uchungu usiku wa saa saba. Mwanangu alikuwa safarini mkoani. Nikaita gari kwa simu kama vijana wanavyofanya siku hizi. Baada ya muda dereva akapiga: "Mama, mbona ramani imenileta kwenye ukuta?" Kumbe alama ilikuwa imetuweka ng'ambo ya korongo, na mvua ile hakuna gari la kuvuka pale. Akauliza niko mtaa gani. Nikatoka na tochi, nikamsomea kibao: Njia ya Upendo. Akasema Njia ya Upendo ameshaipita na nyumba yenye namba yangu hajaiona. Alisema kweli, maana kata yetu ina njia mbili zenye jina hilo, na yeye alikuwa kwenye ile nyingine. Nikamwambia, baba, mimi niko Mkunguni. Kimya. "Mkunguni ndiyo wapi, mama?"

Mkwe wangu alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, anapumua kwa kuhesabu. Dakika 40 zilipita hivyo. Aliyetuokoa ni kijana mmoja wa bodaboda aliyebaki peke yake kijiweni, amejibanza chini ya turubai. Dereva alipomtajia Mkunguni, kijana akamjibu: "Si pale Mnarani? Nifuate." Mjukuu wangu alizaliwa alfajiri ile. Ni mzima, anakimbiza kuku uani huku naandika. Lakini zile dakika 40 sijazisahau, ndiyo maana nakuandikia.

Kona yetu hiyo, Mheshimiwa, ina majina matatu. Nilipohamia palikuwa na mkungu mkubwa, mti ule wa majani mapana yanayogeuka mekundu kabla ya kudondoka. Watoto wakiokota kungu na kuzigonga kwa jiwe wapate kiini. Chini yake alikaa muuza maji, kisha fundi baiskeli, na mikutano ya mtaa ilifanyika hapo hapo. Basi watu wazima wote tunapaita Mkunguni. Baadaye mti ukakatwa, ukajengwa mnara wa simu. Sikuulilia sana ule mti, niseme ukweli, kwa sababu kabla ya mnara tulikuwa tunapanda juu ya simtanki la jirani kutafuta mtandao, na siku mama yangu alipofariki kijijini habari ilinifikia kesho yake jioni. Mnara ulituletea nafuu kubwa. Watoto waliokulia chini yake wanapaita Mnarani. Halafu kikaja kibao cha Njia ya Upendo. Mimi, yule kijana wa boda na kile kibao tunataja mahali pamoja, na usiku ule dereva mgeni hakuwa na namna ya kujua kuwa ni pamoja.

Sizipingi anwani mpya. Nimezisubiri maisha yangu yote ya kazi. Wewe unajua kwamba nchi yetu barua haikuwa ikienda nyumbani, ilikuwa inakwenda kwenye sanduku, na wenye sanduku lao walikuwa wachache. Wengine walitumia sanduku la shule, la kanisa, la msikiti, la kiwanda. Nimepitisha mikononi bahasha zilizoandikwa "S.L.P. ya Shule ya Msingi, kwa mkono wa Mwalimu Mkuu, imfikie mama yangu anayekaa karibu na kisima cha Mwarabu." Bahasha ile ilifika. Mwalimu Mkuu alimpa mtoto, mtoto akaenda hadi kisimani. Kila mmoja aliyeshika barua ile alikuwa na kipande chake cha ramani kichwani.

Kisha simu za mkononi zikaingia, na bila mtu yeyote kutangaza, namba ya simu ikawa ndiyo anwani. Tazama kifurushi chochote kinachopakiwa kwenye basi la mkoani leo. Kimeandikwa jina, namba ya simu na jina la mji, basi. Mpokeaji atapigiwa. Na mgeni akija nyumbani tunamwambia, "Ukishuka nipigie." Imetusaidia sana, ila inategemea simu ya mwenye nyumba iwe na chaji na mwenyewe awe na nguvu ya kuongea. Nyumba inapoungua, au mtu anapoanguka akiwa peke yake, anayepiga namba za dharura, 114 au 115, ni jirani au mpita njia, naye atasema jina analolijua.

Kwa hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Operesheni Anwani za Makazi pale Dodoma, Februari 2022, nilifurahi kwelikweli. Kazi ilikuwa kubwa na muda ulikuwa mfupi, kwani Sensa ilikuwa inatusubiri tarehe 23 Agosti. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na simu zao, wakabandika namba, nguzo zikasimikwa kwenye kona. Sensa ikatuhesabu watu 61,741,120. Postikodi nayo naikubali. Ina tarakimu 5, ile ya kwanza inataja kanda, Dar es Salaam tukiwa 1 na Zanzibar 7, na zikikamilika zote unaijua kata. Mchambuzi wa barua akiona hivyo anatulia. Ila kata moja ya mjini ina maelfu ya nyumba, na kutoka hapo hadi mlangoni kwangu kinachohitajika ni jina la njia. Na majina hayo, mtaani kwetu angalau, yaliandikwa mbio. Walipokosa jina waliandika Amani, Upendo, Neema, Umoja. Ni majina mazuri, ndiyo maana kila mtu aliyachagua, na sasa yamerudiwa. Wazee hatukuitwa kuulizwa, na sijui kama kuna aliyekataa kutuuliza. Nadhani muda haukuruhusu.

Majina ya mazoea yamebeba mambo ambayo hayapo kwenye faili lolote. Mikocheni inatuambia palikuwa na mikoche, Mchikichini michikichi, Mnazi Mmoja mnazi. Nani leo angejua, akitazama maghorofa yale? Mtoni kwa Aziz Ali palipata jina kwa mtu halisi, mwenye nyumba pale, baba yake Dossa Aziz, mmoja wa wale 17 walioasisi TANU mwaka 1954. Konda wa daladala anayelitaja jina hilo mara 50 kwa siku anatunza historia ya nchi, hata kama hajui.

Lipo pia jambo la maji, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kuna njia kwetu ambayo wenyeji wanaiita Bondeni. Mzee aliyeuziwa kiwanja pale miaka ya 1990 alijua anachonunua, akajenga nyumba yake juu, kwenye mgongo. Sasa kibao kinasema Njia ya Neema. Kijana ametoka mkoani na akiba yake, anaonyeshwa kiwanja Njia ya Neema wakati wa kiangazi, anaona pamekauka, analipa. Masika ikija anatoa magodoro. Jina Bondeni lilikuwa linamwonya bure kabla hajatoa hata shilingi. Mji huu unajua maji yanaweza kufanya nini: baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande.

Na alama zenyewe zinaondoka haraka. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilivunjwa ili barabara ipanuliwe. Leo tuna njia nane na kwenda Kibaha ni raha. Lakini duka la kona, mwembe wa fundi viatu, ukuta wa bluu, kila kitu tulichokuwa tunaelekezana nacho kilikwenda kwa wiki chache. Yalipoanza kurushwa matangazo ya dijitali na mitambo ya analojia ikazimwa hapa Dar es Salaam, mwisho wa mwaka 2012, hata antena ndefu ya jirani yangu fundi redio, iliyokuwa inaonekana kutoka barabarani, ilishushwa ikauzwa chuma chakavu. Kilichobaki ni jina. Tunasema "kwa Fundi Redio" ingawa mwenyewe tulishamzika.

Mfano mzuri upo na tunaupita kila siku. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, vituo vyake vilipewa majina gani? Mwembechai. Mapipa. Tip Top. Bucha. Baruti. Korogwe. Yale yale tuliyoyazoea kwenye daladala. Kila kitu kingine kilikuwa kigeni, mabasi marefu, milango ya vioo, kadi, njia ya peke yake katikati ya barabara, lakini bibi aliyezoea kushuka Mwembechai alishuka Mwembechai. Aliyefanya uamuzi ule alitufikiria, na ningependa kumshukuru.

Kulifanya hili mitaani wala si ghali. Wajumbe wa mashina wapo. Wazee tuliojenga mwanzo bado tupo, ingawa tunapungua. Vijana wa bodaboda ndio wenye ramani kamili kuliko wote, ya mchana na ya usiku. Wakutanishwe jioni moja kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, waulizwe njia hii mnaiitaje na ile mnaiitaje, yaandikwe yote, hata yakiwa mawili au matatu, na yaingizwe kwenye NaPA, yaani mfumo wa kidijitali wa anwani za makazi, kando ya jina rasmi. Pale ambapo jina rasmi limerudiwa ndani ya kata moja, hapo naomba lile la mazoea lipande kwenye kibao, lile lingine lishuke. Najua yapo majina yasiyofaa kuandikwa kwenye nguzo. Tunayo kona yetu moja ambayo jina lake siwezi kulitaja mbele ya wajukuu. Hilo wakazi wenyewe watalichuja.

Mheshimiwa, ukipata nafasi njoo ujionee. Panda mwendokasi hadi Kimara, kisha daladala za Mbezi. Mwambie konda akushushe kwa Msuguri. Kijiweni usiulize Njia ya Upendo, uliza Mkunguni. Ukimkuta kijana mdogo sana mwambie Mnarani. Teremka hadi kwa Fundi Redio, pinda kulia, nyumba ya tatu yenye geti la kijani. Mvua ikiwa imenyesha, pitia juu, usikate Bondeni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mstaafu wa Posta,
Mkunguni