Ile waifai ya stendi

Tabata, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Zawadi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mafua ya mtoto yamepungua. Mengine baadaye, maana sauti uliyonitumia jana imeninyima usingizi. Wapiga debe wanapiga kelele nyuma, wewe unacheka kwamba umepata waifai ya bure, umeingia benki na kuhamisha pesa ya kikoba kabla basi halijaondoka. Pesa ya kikoba, Mama Zawadi! Jasho la wanawake kumi na wanane.

Sikukusimulia yaliyonikuta Dodoma mwezi wa tano. Kwenye lodji niliona waifai mbili zenye jina lilelile, moja haina neno la siri. Nikaingia hiyo. Ukurasa ukafunguka wenyewe, nembo ya lodji juu, chini wanataka barua pepe na neno lake la siri. Nikaweka. Asubuhi dada wa mapokezi ananiambia wao wana waifai moja tu, na neno la siri limebandikwa ukutani pale. Kufika saa nne, barua pepe yangu ilikuwa mikononi mwa mtu. Siku tatu kuirudisha!

Shemeji ndiye aliyenifafanulia. Mtu yeyote anawasha hotspoti na kuipa jina analotaka, simu yako haina pa kujua ipi ni ya kweli. Zamani ilikuwa mbaya zaidi: mwaka 2010 Mmarekani Eric Butler alitoa programu ya Firesheep kuonyesha kwamba aliyekaa mgahawani anaweza kuingia Facebook ya jirani yake. Siku hizi tovuti nyingi zina https, yaani zinafunga taarifa zikiwa njiani asizisome mwingine, na programu za benki nazo hufanya hivyo. Kwa hiyo huenda jana hukuharibu kitu. Ila ukiandika neno la siri kwenye ukurasa wa mwizi, au simu ikuonye kwamba tovuti si salama ukabonyeza endelea, hiyo https haikusaidii.

Nakuomba, pesa ya kikoba ifanyie kwa bando lako. Zima waifai kwanza ndipo ufungue benki. Ya stendi tazamia mpira. VPN, zile programu za kupitisha mtandao wako kwa njia iliyofungwa, usikimbilie: ukitumia ya bure, mambo yako yanapitia kwa mwenye nayo, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza mwaka 2023 kwamba wanaozitumia watoe taarifa kwao.

Kikoba kile tumekihangaikia mno, mwenzangu.

Sasa niambie, ile waifai ilikutaka uandike nini kabla ya kuunga? Namba ya simu tu, au na neno la siri? La barua pepe na la benki bado ni lilelile, kama ulivyosema siku ile kwa Bi Mwanaidi? Namba za uthibitisho zinakuja kwenye laini yako au ya Baba Zawadi? Salio umeangalia leo? Na mama kafika salama Singida?

Nipigie hata usiku wa manane.

Wako,
Mama Rehema