Maagizo ya matone apewe anayeshika chupa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye mbwa wa ulinzi, na zaidi na wenzangu tunaotibu wanyama, juu ya mbwa aliyepasuliwa jicho. Operesheni yenyewe mara nyingi haizidi saa moja. Kuuguza ni wiki mbili hadi tatu, na jicho lililotengenezwa vizuri mezani huharibikia bandani.

Sababu kubwa naijua, nayo si uzembe. Anayemleta mbwa kwa daktari ni mwenye nyumba au meneja wa hoteli. Yeye ndiye anayeelezwa kila kitu, akalipa, akaondoka. Jioni chupa anaachiwa askari wa zamu kwa maneno mawili: "mtie dawa." Askari wa usiku hata hayo mawili hayamfikii.

Tuchukue "mara 4 kwa siku". Daktari anakusudia kila baada ya saa 6. Askari anaelewa asubuhi, adhuhuri, alasiri na magharibi, kisha jicho lenye kidonda linakaa saa 12 bila dawa. Basi daktari aandike kwa Kiswahili, kwa saa zetu: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Karatasi itundikwe mlangoni mwa banda, na kila anayetia apige alama. Dozi ya saa 6 usiku isiogopwe. Askari yuko macho, ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Jambo jingine tusione haya kulisema. Dozi za karibu na sala hurukwa kwa sababu mtu hataki mate ya mbwa yamguse naye ana udhu. Wekeni glavu na koti kuukuu kwenye msumari pale pale bandani. Dozi ikitangulia au ikichelewa nusu saa haidhuru, ila isikosekane.

Namna ya kutia: mkalishe mbwa, makalio yake yaingie pembeni mwa ukuta asipate pa kurudi nyuma. Kaa ubavuni pake, si mbele. Mkono mmoja uinue kidevu, pua itazame juu. Mkono wenye chupa uje kutoka utosini, asiuone, na kiganja kiegemee paji la uso. Hapo akitikisa kichwa, mkono unakwenda nacho na ncha ya chupa haimchomi. Dondosha tone 1 tu. La pili halina pa kukaa, litamwagika shavuni na dawa itaisha kabla ya siku zake. Ikiwa kuna dawa ya aina nyingine, subiri dakika 5 hadi 10, vinginevyo ya pili inaiosha ya kwanza. Dawa ya mafuta iwe ya mwisho daima, kipande cha urefu wa punje ya mchele, kwa kuwa mafuta huyazuia matone kupenya. Ncha ikigusa kope au manyoya, chupa imeshachafuka.

Mwenye kupewa atropini, dawa ya matone ya kupanua mboni, aambiwe mapema mambo mawili. Mboni itapanuka na mbwa atalikimbia jua, kwa hiyo akae kivulini. Pia dawa hiyo ni chungu mno, na hushuka kwa mfereji wa machozi mpaka puani na kooni. Mbwa akitoka povu mdomoni baada ya tone, askari hudhani kapewa sumu, na dawa inaachwa siku hiyo hiyo.

Sasa koni ya shingoni, ile kola pana inayomzuia mbwa kulifikia jicho. Huvaliwa usiku na mchana, siku 10 hadi 14 au mpaka daktari aseme. Kuivua "apumzike kidogo" ndiko kunakokata nyuzi, maana mbwa akijikuna mara moja kwa mguu wa mbele anafungua alichoshonewa. Koni ipite ncha ya pua kwa vidole viwili, na shingoni vidole viwili vipite kwa ndani. Isipopatikana, ndoo ya plastiki safi inafaa. Toa kitako, viringisha ukingo uliokatwa kwa kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa, toboa matundu manne na uyafunge kwa kitambaa kwenye ukanda wa shingo. Ndoo iliyowahi kuwa na rangi au dawa ya kuulia wadudu isitumike hata ikioshwa. Na kwa joto letu la kaskazi, mbwa anayejipoza kwa kuhema asiachwe juani na ndoo kichwani. Bakuli la maji liwe jembamba kuliko mdomo wa koni, liwekwe juu ya tofali, la sivyo koni hugonga chini na mbwa hanywi.

Akiwa bado na koni, mnyororo wa shingoni uondolewe. Mbwa akivuta, kamba hubana mishipa ya shingo na shinikizo ndani ya jicho hupanda. Jicho lililoshonwa halistahimili hilo. Mfunge kwa mkanda wa kifuani. Mifupa nayo isubiri. Wali na samaki aliyetolewa miiba vinamtosha, na kidonge kinajificha vizuri ndani ya samaki.

Nzi ni adui ambaye vitabu vya nchi za baridi havimtaji sana. Hutaga kwenye kidonda chenye unyevu, na mayai yanaweza kuwa mabuu ndani ya siku moja. Usipulize dawa ya wadudu karibu na uso. Tundika chandarua juu ya anapolala, tena kile cha zamani kilichotoboka kikishonwa kinatosha. Matongo yafutwe kwa gozi, yaani kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka pembe ya ndani kwenda nje, kipande kipya kila mara. Pamba huacha nyuzinyuzi. Asali, chai na maziwa ya mama visikaribie.

Wenye maduka ya dawa, hapa nawaomba. Mtu akija na neno "jicho la mbwa", msimpe matone yenye deksamethasoni, betamethasoni wala prednisoloni. Kwa jicho lenye kidonda kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele, dawa hizo huzuia kidonda kufunga na konea huweza kuyeyuka mpaka ikatoboka. Kinachowachanganya watu ni kwamba siku za mwanzo jicho linapungua wekundu, linaonekana limepona. Aliyetolewa mtoto wa jicho anaweza kuandikiwa steroidi, yaani dawa za jamii hiyo hiyo, na daktari wake, kwa sababu maalumu. Chupa yake iliyobaki isiazimwe jirani. Ibuprofeni na diklofenaki za watu nazo humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Dawa ya maumivu iwe ile aliyoandikiwa.

Aliyetolewa jicho zima atavimba siku 2 au 3, na tundu la pua la upande huo linaweza kutoa majimaji ya rangi ya waridi. Hilo ni la kawaida. Barafu ya kifuko iliyofungwa kitambaa safi, dakika 5 hadi 10, mara 3 kwa siku katika saa 48 za mwanzo, hupunguza uvimbe. Aliyeshonwa konea asiwekewe kitu chochote juu ya jicho. La kumrudisha kwa daktari siku hiyo hiyo ni uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, usaha wa kijani au harufu, jicho lililokuwa wazi likafumbwa kabisa, au konea kugeuka rangi ya maziwa.

Anayesafirishwa kwa boti baina ya Unguja na Pemba awekwe ndani ya kizimba, kanga ifunikwe upande wa upepo, kwani rasharasha za bahari na mchanga ni maudhi kwa kidonda. Pwani aiache wiki 3.

Nyuzi za kope zikishatolewa, koni ibaki siku moja zaidi. Panapotolewa uzi panawasha, na usiku ule ndio mbwa hujikuna kuliko siku zote.

Mtibabu wa mifugo,
Chake Chake, Pemba