Ami, zile fimbo mbili nakudai

Ami shikamoo. Najua hupendi mambo ya nyumbani kuanikwa ila simu hupokei, bas ntasemea hapahapa.

Unakumbuka darasa la sita, kule Wete, Pemba, nliandika kwa Kiingereza habari ya mtu mmoja nkamwita "they", yani "wao", ukanipa fimbo mbili mkono wa kushoto mbele ya wenzangu, ukasema mtu mmoja hawi kundi? Haya sikiliza. Mwaka 2019 wenye kamusi ya Merriam-Webster huko Marekani wamelifanya "they" hilohilo la mtu mmoja kuwa neno lao la mwaka. Na wala si uzushi wa vijana, Chaucer, yule mshairi wa Kiingereza wa zamani, kashalitumia zaidi ya miaka 600 nyuma. Hata "you" ilikuwa ya watu wengi, mmoja alikuwa "thou", ikafa, yani kama sisi tungeng'ang'ania nyinyi mpaka wewe ikazikwa. Mie wallahi naona wangekuja kuazima "yeye" yetu tu, haina mke wala mume, ndo mana mpaka leo nasema "my mother he is cooking" na wageni wanacheka.

Na ile ya kutwambia tuongee kama redio ya BBC. Juzi nimempitisha mgeni wa Glasgow sokoni Darajani, kila kitu kwake "wee", mfuko wee, ngoja wee, muuza viungo kanigeukia kanuna, "huyu mbona ananambia wee, mie mtoto wake?" Nkamfahamisha kwao ndo kidogo, akasema bas hicho kidogo akanunue kwengine. Mgeni mwengine, wa London, kaninong'oneza kuwa hata yeye nusu ya maneno ya yule hayapati. Wazungu wenyewe kwa wenyewe!

Ndo kama mie, nkishuka tu boti bandarini nkasema "ntu" badala ya mtu, watu wa mjini washaanza kuniigiza, na haohao ukiwasikiliza dukani wanaomba nchele. Kikao cha lugha cha Mombasa 1928 kilichagua Kiunguja kiwe ndo Kiswahili sanifu, sku ile wangechagua Kipemba saa hizi wao ndo wangekuwa wanachekwa bandarini.

Idi nakuja. Kukuchapa siwezi, ntakosa radhi, bas nilipe kwa pweza wa nazi, sahani moja kila fimbo.