Mashine ya reli inaandika ilichoacha, ya samaki je?

Mhariri,

Nianze na picha maana imenikwama kooni tangu nimeiona. Kwenye makala yenu ya mashine kubwa zinazobadilisha kazi, reli na uvuvi, mmeweka mtambo wa njano umekaa juu ya njia na chini yake mkaandika "mashine ya kutandika reli". Sio. Ile ni ya kushindilia kokoto. Njia ilishatandikwa zamani, ndo maana imeikalia. Nimekula mshahara wa reli miaka mingi, nimeanza na sururu na mtaimbo nikamalizia nyuma ya hiyo hiyo mitambo, kwa hiyo hapo hamnidanganyi.

Ya kutandika ni treni nzima. Mabehewa ya nyuma yamebeba mataruma ya zege (yale magogo ya kulalia reli), moja kilo 250 mpaka 300, kreni ndogo inatembea juu ya mabehewa inayaokota mafungu mafungu inayaleta mbele, yanashuka moja moja yanalala juu ya kokoto kila baada ya sentimita 60 hivi, na reli zenyewe zilishalazwa pembeni kabla, zinanyanyuliwa na mikono ya chuma zinapitishwa kwenye rola mpaka zinakaa mahali pake, alafu treni inasogea juu ya njia ambayo imeijenga yenyewe dakika hiyo hiyo. Mara ya kwanza ukisimama pembeni unabaki mdomo wazi. Kilometa moja inakula mataruma kama 1,660, hebu fikiria kuyabeba hayo kwa mabega.

Sasa ubishi wangu na mwandishi wenu uko hapa. Yeye kasifia spidi tu, spidi spidi mwanzo mwisho. Tarehe 28 Aprili 1869 kule Marekani wafanyakazi wa kampuni ya reli ya Central Pacific, wengi wao Wachina, na Wairishi wanane ndo waliokuwa wanabeba reli, walitandika maili 10 kwa siku moja, yaani kilometa 16, kwa mikono mitupu na farasi. Mtambo mkubwa wa kisasa unaenda kilometa moja na nusu, mbili kwa siku, na hapo watu wanapeana mikono. Kwa hiyo kama ni mbio basi wale wazee wametushinda. Ila njia yao ilikuwa mbao zimelazwa juu ya udongo, reli nyepesi, na sehemu kubwa ya njia ile ya haraka haraka ilibidi ije irudiwe.

Kilichobadilika ni kipimo. Enzi zetu mnyapara alikuwa analala kifudifudi, shavu karibu liguse reli, jicho moja kafumba, anaangalia wapi pamebonyea, akiinua mkono sisi wanne tunanyanyua kwa mtaimbo na kuanza kupiga kokoto kwa sururu chini ya taruma, akishusha mkono tunaacha. Ubora wa njia ulikuwa ni jicho la mzee mmoja, na akiwa hajalala vizuri usiku treni itakueleza. Mashine ya kushindilia (ile ya kwenye picha yenu) inaipima njia kwanza, inajua hapa pamezama milimita ngapi na pale pamepinda kiasi gani, inaishika reli na kuinyanyua, inazamisha vidole vya chuma kwenye kokoto huku na huku ya taruma, vinatetemeka kama mara 35 kwa sekunde na kubana mawe yaingie chini, inaachia, inasogea. Kampuni kama Plasser & Theurer ya Austria zinatengeneza hadi za kushindilia mataruma matatu au manne kwa mpigo. Ikimaliza inapima tena. Inaandika ilichokuta na ilichoacha, na hiyo karatasi injinia anaisaini na treni haipewi spidi yake mpaka namba zikae sawa. Mi hiki ndo kilichonivutia, sio ukubwa wa mtambo.

Nikaja upande wa uvuvi kwenye makala hiyo hiyo nikaona sifa zile zile, meli ndefu hivi, wavu mkubwa hivi, tani kadhaa kwa siku, basi. Mimi sio mvuvi, nikipanda boti natapika, ila mdogo wangu ni baharia kwenye meli ya jodari na simu zake nazisikia. Wavu wao wa kuzungusha una urefu wa karibu kilometa mbili na unashuka mita 200 na kitu, boti ndogo yenye injini kubwa inashikilia ncha moja, meli inalizunguka kundi, winchi inavuta waya wa chini na wavu unajifunga kama mfuko wa kamba. Kuurudisha ndani ndo ilikuwa kazi ya kuvunja migongo ya genge zima mpaka miaka ya 1950 Mkroatia mmoja aliyekuwa anavua California, Mario Puratić, alipokuja na gurudumu la kuning'iniza juu linalouvuta wavu lenyewe kwa mashine. Hilo gurudumu lipo mpaka leo na limeokoa viuno vingi, sibishi. Mdogo wangu anasimama chini yake kupanga wavu, anavaa kofia ya plastiki na miwani kwa sababu wavu ukipita juu unamwagia maji ya chumvi na vipande vya yavuyavu, vinawasha anasema kama pilipili machoni.

Alafu kuna vyelezo. Wanaacha vyelezo vinaelea baharini, samaki wanapenda kukusanyika chini ya kitu chochote kinachoelea, na kila chelezo kina boya linalowasiliana na setelaiti na lenye kipima mwangwi ndani yake (kinatuma sauti chini na kusoma inavyorudi ikigonga samaki), kwa hiyo nahodha amekaa kwenye kiti chake mamia ya kilometa mbali na bado anasoma kwenye skrini chini ya chelezo kipi kuna mzigo. Nilimuuliza mdogo wangu, sasa mkishavua hiyo skrini inawaambia wamebaki wangapi baharini? Akacheka, akasema kaka inatuonyesha chelezo kinachofuata.

Ndo hoja yangu hiyo Mhariri. Vyombo vya kupima vipo tele kwenye meli, sonari ya kusaka samaki kwa sauti, ekosaunda (ndo kipima mwangwi hicho), setelaiti, ila vimeelekezwa kwenye kutafuta. Meli ilichoacha baharini hakiandiki mtu. Na sio jambo dogo, angalieni Newfoundland kule Kanada, samaki wanaoitwa kodi (sio ile kodi ya serikali). Watu walivua pale karne na karne. Zikaja meli za trola, zile za kukokota wavu, zenye viwanda ndani, za kuvutia wavu kwa nyuma, kugandisha na kukata minofu humo humo, ya kwanza inayokumbukwa ni Fairtry ya Uingereza mwaka 1954, zikafuata za Wasovieti na wengine. Mwaka 1968 wakavua zaidi ya tani 800,000. Mwaka 1992 serikali ikafunga uvuvi ule, watu kama 30,000 wakakosa kazi. Na kilichowapoteza ni mashine zenyewe kuwa nzuri mno: samaki walipopungua waliobaki walijikusanya sehemu chache, sonari ikawa inawapata hapo hapo, wavu unajaa kama kawaida, na wataalamu wakiangalia mizigo ya meli wanaona mbona samaki wapo. Yaani jicho la mnyapara wetu lilikuwa linadanganya kwa milimita, hili lilidanganya kwa bahari nzima. Imechukua miaka 32, mpaka 2024, kuufungua tena na kwa kiwango kidogo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wenyewe wanasema zaidi ya theluthi ya akiba za samaki baharini duniani zinavuliwa kupita kiasi.

Najua kuna atakayeniandikia kwamba reli ni chuma, samaki anaogelea, huwezi kumpima kwa rula. Kweli kabisa. Ila sio kwamba haiwezekani, meli za utafiti zinatumia ekosaunda hizo hizo kukadiria akiba, kuna meli zimefungwa kamera zinazorekodi kila kinachopanda, kuna nyavu za kuvulia kamba wa kuliwa zenye kichujio cha chuma ndani, kasa akiingia anatokea kwenye tundu lake, na mfumo wa kufuatilia meli kwa setelaiti upo miaka na miaka. Zana sio tatizo. Tatizo ni kwamba kwenye reli bila ile karatasi ya mwisho kazi haijapokelewa, na malipo yanasimama, wakati kwenye meli nyingi malipo yanatoka kwenye tani na habari imeisha. Mkandarasi wa reli angekuwa analipwa kwa kelele za mtambo, nakuhakikishia treni zote zingekuwa porini.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo tu na linawahusu nyie mnaoandika. Mkituletea tena habari ya meli mpya ya uvuvi, urefu wake tumeshachoka nao, tuambieni imepewa kiwango gani cha kuvua, nani alikikadiria na kwa kupima nini, nani anahesabu ikitia nanga, na ikizidisha inafanywaje. Mkikosa majibu andikeni kwamba mliuliza mkanyimwa, hiyo nayo ni habari, na pengine ni kubwa kuliko meli.

Na ile picha mkiirudia, andikeni kushindilia.

Fundi njia mstaafu