Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: daftari la mahudhurio linawajua watoto hawa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila asubuhi naita majina, na msimu wa mavuno ukiingia wanaoitika hupungua. Hakuna anayeleta barua ya ruhusa. Mtoto hupotea wiki mbili, akarudi na malengelenge viganjani, akakaa nyuma kabisa kwa sababu masomo yameshampita na anaona haya kuuliza. Akipotea mara ya tatu, mara nyingi harudi.

Simzungumzii mtoto anayechota maji au kumsaidia mama yake jioni. Huyo analelewa, na hata Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1973, unaruhusu kazi nyepesi isiyomdhuru mtoto wala kumkosesha shule. Namzungumzia yule anayebebeshwa mgongoni bomba la dawa ya kuulia wadudu, na yule aliyepelekwa kwenye nyumba ya watu kulea mtoto mwenzake, analala wa mwisho na kuamka wa kwanza.

Serikali zote wanachama wa shirika hilo zimeridhia Mkataba Na. 182 wa mwaka 1999, unaodai hatua za haraka dhidi ya utumikishwaji mbaya zaidi wa watoto. Dunia iliahidi pia kwamba ifikapo 2025 utumikishwaji wa aina zote utakuwa umekwisha. Makadirio ya ILO na UNICEF yanaonyesha kuwa mwaka 2024 watoto milioni 138 walikuwa bado wanatumikishwa, milioni 54 kati yao katika kazi za hatari. Asilimia 61 ya watoto wote wanaotumikishwa wako kwenye kilimo.

Sasa, Mheshimiwa, wakaguzi wako wa kazi wanakwenda wapi? Wanakwenda kwenye kiwanda chenye bango na mlinzi getini, tena baada ya taarifa kutangulia. Shambani hawafiki, na ndani ya nyumba za watu hawaingii. Sheria inayoishia getini haijamfikia mtoto hata mmoja kati ya niliowataja.

Huwa tunajibiwa kwamba tatizo ni umaskini. Ni kweli, nawajua wazazi hao, na kumtoza faini mama aliyekosa chakula ni kumwongezea mtoto mzigo. Lakini anayemwajiri si maskini. Anamtaka mtoto kwa kuwa hulipwa kidogo na hadai. Huyo ndiye wa kufikishwa mahakamani, na familia ipewe msaada wa kuishi, maana mtoto akitolewa shambani leo na nyumbani hakuna kitu, kesho atapelekwa kwa mwajiri mwingine, mbali zaidi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Serikali tayari ina orodha. Daftari la mahudhurio liko Wizara ya Elimu, wakaguzi wako wizarani kwako, na wawili hawa hawajawahi kukutana. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, hakuna mkaguzi wa kazi aliyewahi kuniuliza ni nani hayupo, tangu lini, na anasemekana yuko wapi. Wanafunzi wenzake wanajua. Ukiwauliza kwa upole watakutajia hadi shamba.

Agiza wakaguzi waanzie shuleni. Mavuno yanakaribia, na katika darasa langu majina manne tayari yana alama ya kutokuwepo wiki nzima. Mkaguzi akija hata kesho asubuhi, nitamfungulia daftari.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa darasa la tano