Printa ya bei nafuu: iulizie wino kabla ya bei

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na wasomaji wa Mtwara na Lindi wanaonunua printa ndogo za rangi kwa ajili ya nyumbani. Wanunuzi ni wale wale kila mwaka: walimu wanaoandaa mazoezi ya wanafunzi, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), wazazi wenye watoto sekondari, na vijana wanaotaka kutoa picha za pasipoti na kadi za harusi pembeni ya kazi nyingine. Pesa ya korosho ikishaingia, printa nazo hutoka madukani. Baada ya miezi michache nyingi ziko mezani kwa fundi na ugonjwa ni mmoja, hazitoi rangi. Mwenye mali analalamika kwamba ameuziwa kimeo. Mara nyingi mashine ilikuwa nzima kabisa. Imeuawa na kukaa bila kazi na kuzimwa ukutani.

Tuanze dukani. Bei iliyobandikwa kwenye boksi ni sehemu ndogo ya gharama, maana kwenye printa za chini faida ya mtengenezaji iko kwenye wino. Printa hizo hutumia katriji, yaani vikasha vya wino, mbili, moja nyeusi na nyingine yenye rangi tatu kwa pamoja. Chukua katriji ya HP 123, inayoingia kwenye DeskJet 2130: kampuni yenyewe inaikadiria kurasa 120 kwa nyeusi na 100 kwa ya rangi. Hizo ni kurasa za kipimo, ambazo wino hufunika kama asilimia 5 ya karatasi, yaani barua ya kawaida, si kalenda wala picha ya bibi harusi. Tuseme nyeusi umeipata kwa shilingi 36,000. Gawa kwa 120: ni shilingi 300 kwa ukurasa, na karatasi bado hujaihesabu. Katriji ya rangi ina mkosi wake wa ziada. Ndani ina vyumba vitatu, samawati, majenta (waridi iliyokolea) na njano, na kimoja kikiisha inatupwa nzima. Mtu wa kadi nyekundu na njano atatupa samawati ambayo hakuigusa.

Printa za tangi, zinazojazwa wino kutoka kwenye chupa, ni hesabu nyingine. Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, baada ya wateja wa kule kuzoea kutoboa printa na kuunga matangi ya nje wenyewe. Siku hizi Canon wana mfululizo wa G na HP wana Smart Tank. Chupa nyeusi ya Epson ya mililita 65 inakadiriwa kurasa 4,500, na chupa tatu za rangi kwa pamoja 7,500. Hata chupa hiyo ukiuziwa shilingi 30,000, ukurasa mweusi haufiki shilingi 7. Chupa za kwanza zikiisha mapema usishtuke, kwa sababu sehemu ya wino ule hutumika kujaza mirija na kichwa, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi.

Kwa maoni yangu, anayetoa kurasa 10 kwa mwezi hana haja ya printa ya wino ya aina yoyote. Abebe flashi yake aende steshenari. Anayetoa 100 na kuendelea achukue ya tangi, hata kama itabidi asubiri msimu mwingine wa mauzo. Walio katikati ndio wanaoumia, na kwao yanayofuata yana maana kubwa zaidi.

Kichwa cha printa kina mamia ya matundu membamba kuliko unywele. Wino wa printa hizi sehemu kubwa ni maji. Ukibaki mdomoni mwa tundu bila kufunikwa, maji yanakauka na rangi inagandia humo. Ndiyo maana kila printa ina maegesho, mara nyingi upande wa kulia, penye kipande cha mpira kinachopanda kukifunika kichwa kazi ikiisha. Ukizima kwa kitufe cha printa yenyewe, kichwa hurudi maegeshoni kwanza, kisha taa inazimika. Ukizima kwenye swichi ya ukutani wakati kichwa kiko katikati ya reli, kinabaki wazi usiku kucha. LUKU (umeme wa kulipia kabla) ikiisha katikati ya kazi matokeo ni hayo hayo, kwa hiyo angalia uniti zilizobaki kabla ya kuanza kutoa mitihani ya darasa zima. Umeme ukirudi, washa printa, iache ijiegeshe, halafu izime kwa kitufe.

Hapa printa ya wino ina neema yake. Inapochapa hula kama wati 10 hadi 20 tu, hivyo UPS ndogo au inveta ya sola ya nyumbani inaibeba bila shida. Ya leza usijaribu, maana kipasha joto chake kinapowaka kinaweza kuvuta karibu wati 1,000.

Halafu ipe kazi. Mara moja kwa wiki toa ukurasa wenye mistari minne, samawati, majenta, njano na nyeusi, kila mmoja upana wa kidole. Wino unaopotea hapo ni kidogo kuliko ule unaomwagwa printa ikiamriwa kujisafisha kichwa mara moja. Mwalimu anayechapa nyeusi tupu kuanzia Januari hadi likizo ya Juni ndiye atakayekuta rangi zimekauka siku anayotaka kutoa vyeti vya wanafunzi.

Ikishaziba, pima kwanza ndipo usafishe. Karatasi ya kupimia matundu hupatikana kwenye kompyuta, sehemu ya matengenezo ya printa. Kwenye Epson nyingi zisizo na kioo, unaizima, kisha unaiwasha huku umeshikilia kitufe cha kusimamisha kazi. Vijistari vikikatika, hapo pana tundu lililoziba. Toa amri ya kusafisha kichwa mara moja, pima tena. Ukifika mara ya tatu bila mabadiliko, acha. Izime kwa kitufe uiache kwa muda wa saa 12, wino uliogandia ulainike, ndipo urudie. Wengi wanabonyeza usafishaji mara 10 mfululizo. Wino unaisha, na kwenye tangi lililoshuka chini ya mstari wa mwisho hewa inaingia kwenye mirija. Hapo tatizo jipya limezidi la zamani.

Kwa katriji za HP na nyingi za Canon za bei ya chini, kichwa kiko kwenye katriji yenyewe, na hilo linampa mtu wa nyumbani nafasi ya kujitibia. Kunja tishu mara nne, iweke kwenye kisahani, ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, kisha simamisha katriji juu yake, matundu yakiwa chini, kwa dakika 2. Ihamishie kwenye tishu kavu na uibonyeze taratibu. Katriji ya rangi nzima huacha mistari mitatu iliyoachana: samawati, majenta, njano. Ikiacha doa moja la kahawia, rangi zimeingiliana. Endelea kuigusisha kwenye tishu safi mpaka zitengane. Vile vidoa vya shaba vya ubavuni usivishike kwa vidole, mafuta ya mkono huzuia mawasiliano na printa itakuambia katriji haipo. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai kwa kazi hii, yakikauka yanaacha chumvi kwenye matundu yale yale unayoyafungua. Tafuta maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea kwenye betri za magari, lakini soma lebo: chupa ya tindikali inaweza kukaa rafu moja na ya maji. Petroli na thina ni marufuku. Zinayeyusha plastiki na gundi ya kichwa.

Ukifungua kifuniko utaona utepe mwembamba wa plastiki umevutwa kutoka upande hadi upande nyuma ya kichwa. Kwa mbali unaonekana mchafu, kijivu-kijivu. Ule ukijivu ni mistari midogo sana ambayo printa huisoma kujua kichwa kiko wapi. Watu huusugua kwa spiriti wakidhani ni uchafu, mistari inafutika, kichwa kinaanza kugonga kuta. Utepe huo ukiwa na grisi, pitisha kitambaa laini chenye unyevu wa maji tu, bila kuukandamiza.

Hali ya hewa ya kwetu nayo ina mkono wake. Kuanzia Kilwa Masoko hadi Mikindani, miezi ya mvua, karatasi iliyoachwa kwenye trei hunyonya unyevu, inajikunja, zinaingia mbili mbili, na herufi zinatawanya wino pembeni. Rimu ifungwe kwenye nailoni yake, utoe karatasi za kazi ya siku hiyo tu, za gramu 80, uzipepee kabla ya kuziweka. Juu kule uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, adui ni vumbi jekundu. Likijaa kwenye rola ya mpira, rola inateleza na printa inadai haina karatasi wakati trei imejaa. Kitambaa chenye maji kidogo, ukiizungusha rola kwa mkono, kinamaliza shida hiyo. Kote kote funika printa kwa kitambaa ikiwa imezimwa. Mende na mijusi wanapenda sana maficho ya namna ile.

Kujaza katriji kwa bomba la sindano kunawezekana, ila kuna masharti. Wino uwe wa aina ile ile iliyokuwemo: nyeusi ya katriji nyingi ni ya chembechembe zisizoyeyuka, rangi ni za kuyeyuka majini, na aina hizo mbili zikikutana zinaweza kuganda. Ingiza mililita 3 hadi 5, polepole, sponji inywe. Ukiona wino unachungulia kwenye tundu, simama na uvute kidogo. Maandishi yakianza kufifia usiendelee kulazimisha. Katriji hizi husukuma wino kwa joto, na wino huo huo ndio unaovipoza vipasha joto. Vikiwaka vikavu vinaungua, na hapo kujaza hakutasaidia tena.

Anayetoa nyaraka za kutembea nazo wakati wa mvua afanye jaribio hili kabla ya kununua: aombe ukurasa wa mfano dukani, asubiri dakika chache, adondoshe tone la maji juu ya maandishi. Nyeusi ya chembechembe, iliyomo kwenye Canon nyingi za mfululizo wa G, haitatoka. Ya kuyeyuka itatiririka.

Kwa picha za pasipoti, karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inabeba picha 8 za milimita 35 kwa 45, safu mbili za nne, na nafasi ya mkasi inabaki. Chagua aina ya karatasi ya picha kwenye kompyuta. Ukiacha ya kawaida, wino unamwagwa vibaya na picha inachelewa kukauka.

Kitu cha mwisho ambacho wauzaji hawakisemi ni sponji ya wino taka. Wino wote wa kusafishia huishia kwenye sponji iliyo chini ya printa, na printa huhesabu. Hesabu ikijaa inagoma: kwenye Canon utaona 5B00, au P07 kwa zenye kioo kidogo. Fundi akikurudishia hesabu hiyo sifuri kwa programu bila kufungua chini akaibadilisha au kuiosha na kuikausha sponji, amekuahirishia tatizo, na siku moja wino utamwagikia meza. Mlipe, lakini mwambie akuonyeshe sponji. Na printa ya tangi isilazwe ubavu kwenye bajaji au bodaboda kwenda kwake. Wino utahamia kwenye sponji hiyo hiyo na hewa itaingia kwenye mirija.

Wenye maduka, kuanzia Mtwara Mjini na Masasi hadi Lindi na Nachingwea, nawaomba mambo matatu. Bandikeni pembeni ya bei ya printa bei ya wino wake na idadi ya kurasa. Msiuze printa ambayo wino wake lazima uagizwe Dar es Salaam kwa basi bila kumwambia mnunuzi. Na kabla hamjafunga boksi, iwasheni mbele yake, mtoe karatasi ya kupimia matundu, mumkabidhi pamoja na risiti, ili akirudi na malalamiko kuwe na cha kulinganisha.

Ni mimi,
Fundi wa printa na kompyuta,
Chikongola, Mtwara.