Mpigie dada'ko kabla ya Ijumaa

We Rehema mambo? Najua nimepotea, usianze kunisema, wewe mwenyewe status kila siku ila meseji hujibu. Huku wazima, mama anakusalimia, mvua tu ndo zinatukomesha.

Sasa sikia. Wiki hii sisi wa uuguzi na wale wa famasi tumejitolea kwenye chanjo ya wasichana ya HPV, kile kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, tunagawanywa mashuleni pamoja na manesi wa zahanati. Posho mpaka sasa ni soda, tena ya moto. Leo nikapangiwa shule ya Salma wenu, nikafurahi kweli, kumbe mama yake, dada'ko, kawahi asubuhi kumwambia mwalimu wa zamu mwanangu asiguswe. Nikamfata getini, shikamoo dada, akaitika vizuri nikadhani mambo rahisi. Wee! Akanisikilizisha sauti ya WhatsApp, kuna mbaba anaapa eti sindano inafunga kizazi, akamalizia "wewe mwanafunzi unajua nini?" Na nesi yuko mbali anamfokea mwenzetu Juma kaacha kiboksi cha chanjo wazi, maana inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8.

Rehema, si ndo yeye aliyemuuguza mama mkubwa pale Ocean Road, hospitali ya saratani? Anaogopea kizazi, na saratani ya mlango wa kizazi kaiona kwa macho yake kuliko mimi niliyeisoma kwenye madesa. Karibu zote zinaletwa na hicho kirusi. Nilitaka kumwambia hivyo nikashindwa, nitamtajia marehemu getini watu wanapita?

Eti pia tunawafundisha watoto umalaya. Wanachanjwa wadogo, miaka 9 mpaka 14, kwa sababu inakinga vizuri kabla hawajaanza hayo mambo, basi. Na sio mpya, ipo nchi nzima tangu 2018, ila zamani walichoma wa miaka 14 tu, tena dozi mbili, tangu 2024 ni moja imeisha.

Halafu Salma mwenyewe alikuwa dirishani anatuangalia tunavyowakunja wenzie sweta. Kuna kamoja ka darasa la nne kalianguka hata sindano hakajaiona, kamesikia tu mwenzie analia! Ndo maana wakishachomwa tunawakalisha robo saa. Nilicheka mpaka nesi akaniangalia vibaya.

Mimi dada'ko haniskii, ananiona yule yule niliyekuwa naiba maembe yenu. Wewe anakuskia. Kampeni inaisha Ijumaa, ila hata ikipita anaweza kumpeleka zahanati, bure, usimtishe kwamba ndo basi. Na usimwambie nimekutuma, au mwambie tu, sijui, utaona mwenyewe.

Utampigia leo? Shemeji yeye anasemaje, au naye kaskia hiyo sauti? Unadhani nikija jioni nyumbani atanifungulia? Na ile elfu ishirini yangu vipi, au nayo imefungwa kizazi?